Siku Moja ya Tahadhari

Bi Alawiya alivuka kuja Likoni akiwa na umri wa miaka hamsini, mkeka mmoja, birika la shaba na kisanduku cha sindano, na jambo la kwanza alilolifanya nyumbani kwangu ni kuniambia kwamba mtungi wangu wa maji umekaa upande.

Mimi ni Kanze, mtu wa Rabai, mke wa Karisa aliyekuwa akipakua meli Kilindini, na sikuzoea kukosolewa katika ua wangu mwenyewe. Nilimjibu kwamba mtungi ule umekaa hivyo miaka sita na maji hayajawahi kulalamika. Aliuinua, akatia kigae chini yake, akarudi nyuma hatua tatu kuutazama, akatia kigae cha pili. Jua lilipotua akaomba maji ya kufuturu. Nikampa kwa bilauri niliyoiosha kwa mikono yangu. Akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha, akaisuuza mara mbili, ndipo akanywa. Karisa aliporudi kazini nilimwambia kwamba mpangaji huyu hamalizi wiki.

Alikuwa mwanamke wa Mji wa Kale, binti wa watu wenye maduka, na alikuwa amemwacha mumewe. Nasema hivyo makusudi. Watu wengi baadaye walisema ameachwa, lakini mimi nilimwona alivyokuja, kichwa juu, na nikajua nani alimwacha nani.

Mume mwenyewe alikuwa Bwana Aqil, karani mkubwa wa kampuni moja ya meli. Walikaa pamoja miaka thelathini na sita, na kila Idd Bi Alawiya alimshonea kofia mpya. Si kofia za kununua hizo. Bafta nyeupe, vitobo vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, miezi minane kwa kofia moja, tena kwa saa za kuiba baina ya jiko na wageni. Akikuta kitobo kimoja kimekwenda kombo, hufumua safu nzima. Bwana Aqil alimwita Bi Kasoro mbele za watu, na watu wakacheka, kwa sababu chakula alichokipika Bi Kasoro walikuwa bado wanakitaka.

Ramadhani ile, mwaka vita vilipokwisha, Bwana Aqil alikuja nyumbani na wageni sita kufuturu. Katikati ya kula akawaambia kwamba kofia ya mwaka huu amempa zawadi mzungu wake wa ofisini. Mzungu hakujua ni ya nini, akaifunikia buli lake ili chai isipoe. Bwana Aqil alisimulia huku akicheka mpaka machozi yakamtoka. "Wallahi imelikaa buli," akasema, "kuliko ilivyopata kunikaa mimi!"

Bi Alawiya alimaliza kuwapakulia. Akaosha vyombo vyote, akavifuta, akavipanga kwa ukubwa wake, akafunga mlango wa jiko, na asubuhi akapanda kivuko. Aliponisimulia habari hii alikuwa akitia uzi kwenye sindano, na hakulikosa tundu.

"Ungemmwagia mchuzi," nilimwambia.

"Mtuzi wangu ulikuwa mzuri," akanijibu. "Wa nini kuuharibu?"

Nadhani ni hapo nilipoanza kumpenda, ingawa sikumwambia.

Siku ya Idd, Jumamosi mchana, ilikuja barua. Bwana Aqil alikuwa ameiandika asubuhi ileile baada ya sala, kwa mwandiko wa ofisini: leo, tarehe 8 Septemba 1945, nimekuacha talaka moja. Nilitaka kupiga kigelegele. Bi Alawiya akaniwekea kiganja mdomoni.

"Ngoja," akasema. "Talaka moja ni kamba iliyolegezwa. Haijakatwa."

Akanieleza, kwa kuwa sisi Wakristo mambo yao tunayasikia nusunusu. Sasa anaingia eda ya miezi mitatu. Ndani ya miezi hiyo, siku yoyote, Bwana Aqil akisimama mbele ya mashahidi akatamka kwamba amemrejea, basi amemrejea. Ni mkewe tena, atarudi jikoni kwake, na yale yamekwisha. Hata asipotamka mbele yake, yametimia.

"Nawe huulizwi?"

"Siulizwi."

"Na miezi mitatu ikipita bila ya yeye kutamka?"

"Hapo nimekatika. Akinitaka itabidi anipose upya, na mimi niulizwe." Akaikunja barua, akaona pembe hazikulingana, akaikunjua na kuikunja tena. "Lakini atakuya, Kanze. Namjua. Ameandika moja makusudi. Ataniacha nionje, kisha aje kunichukua mbele ya watu."

Basi tukakaa kumngojea Bwana Aqil asije. Sijui niseme vipi vizuri zaidi ya hivyo. Kila nilipomwona mwanamume mwenye kanzu safi akipanda kutoka kivukoni, nilikimbilia mlango nikaufunga, na mwenyewe aliyekuwa ndani ya eda alikuwa akishona.

Alishona kutwa sasa, hakuna wa kumwita. Habari zilienea kwamba yuko mwanamke wa Mji wa Kale anayeshona kofia ambayo haijapata kuonekana Likoni, nao wanaume wakaanza kubisha hodi. Kwa sababu ya eda hakutaka kuonana nao, hivyo vichwa nilipima mimi, kwa uzi wenye vifundo. Nikimpelekea kipimo hukitazama kwa shaka. "Hiki ni kitwa ama ni boga? Kapime tena." Mtu mmoja wa Mtongwe, Bi Alawiya alimkatalia kabisa kwa kuwa nilimwambia mtu huyo anatia mafuta mengi nyweleni. Nilidhani wateja watakimbia. Wapi! Yule wa Mtongwe alirudi baada ya siku tatu, amekwisha kunyoa.

Mwezi wa Novemba alikuja wifi yake, Hafswa, dada wa Bwana Aqil, na kasha la halua. Alikaa kitini kama aliyekuja kutazama mgonjwa. Akatazama kuta za udongo, akatazama makuti, akapumua.

"Kakangu hana haraka," akasema. "Asema uonje kwanza maisha ya ng'ambo. Kalenda ya ofisi ameitundika ukutani, ile yenye pitcha ya meli, akapiga mstari mwekundu chini ya tarehe nane Disemba. Miezi mitatu kamili. Kabla ya tarehe hiyo atakuya akurejee, siku aipendayo yeye."

Sindano ya Bi Alawiya ilisimama hewani. Ilisimama kidogo tu, kisha ikaendelea.

"Nisalimie nyumba nzima," akasema. "Na mtungi wa ukumbini ubadilishwe maji. Najua hamjaubadilisha."

Hafswa alipoondoka, Bi Alawiya aliweka kofia chini. Sikupata kumwona akiweka kazi chini katikati ya safu.

"Amehesabu kwa kalenda," akasema polepole.

Sikuelewa. Akaniinulia vidole. Eda ya mwanamke wa umri wake huhesabiwa kwa miezi ya mbinguni. Amemwacha siku ya Idd, Mfunguo Mosi. Upite huo, upite Mfunguo Pili, upite Mfunguo Tatu. Ukiandama mwezi wa Mfunguo Nne, eda imekwisha. Na miezi ya mbinguni ni mifupi kuliko ile ya ukutani. Tarehe nane Disemba ya Bwana Aqil itafika mlango umeshafungwa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu amefunga Ramadhani hamsini kwa kutazama mwezi, talaka akaihesabu kwa kalenda ya meli!

"Amezoea," Bi Alawiya alisema bila kucheka. "Ofisini kwake kila kitu ni tarehe. Shehena ikae gatini, ina siku yake ya kutukuliwa. Na mimi huniona shehena."

Jioni Karisa, ambaye ni mtu wa haki kupita kiasi, aliuliza kama huo si udanganyifu. Bi Alawiya akamjibu akiwa nyuma ya mlango. "Simfichi kitu, Karisa. Mwezi u juu, naye ana mato."

Lakini mtu yeyote angeweza kumzindua: imamu, jirani, muuza kahawa. Na aliyekuwa hatari kuliko wote ni mimi, kwa sababu ulimi wangu haujawahi kukaa kinywani wiki nzima. Hafswa alirudi mwisho wa Novemba, akanishika mkono mlangoni na kuninong'oneza, "Vipi, amelainika? Maana siku zimebaki chache." Neno lilinifika menoni. Nililitaka sana, nalikumbuka hata leo utamu wake. Nikasema, "Mimi Mkristo, bibi, hesabu zenu sizijui," nikaenda nyuma ya nyumba kutwanga mahindi ambayo yalikwisha kutwangwa.

Jumatano, tarehe tano Disemba, Karisa alirudi mapema na habari kutoka Kilindini. Bwana Aqil amewaambia makarani wenzake kwamba Ijumaa baada ya sala atavuka Likoni. Anakuja na Sheikh Barakat, mwalimu anayeheshimiwa mji mzima, awe shahidi wake, na mzee mwingine.

Siku hiyo ilikuwa mwezi ishirini na tisa wa Mfunguo Tatu. Mwezi mpya ungeweza kuandama jioni ile. Na mbingu, kuanzia Mtongwe mpaka baharini, ilikuwa imefunga mawingu ya vuli, mazito, meusi.

"Usipoonekana yeo, Mfunguo Tatu utatimia thelathini," Bi Alawiya alisema. "Nitatoka kesho Alhamisi, jua likitua. Na siku moja ya tahadhari, ni Ijumaa jua likitua."

"Siku gani ya tahadhari?"

"Barua iliandikwa mtana wa Idd. Mwezi ulikuwa umeandama tangu jana yake jioni. Mwezi wangu wa kwanza ulipungua kipande. Nakifidia kwa siku nzima."

Nilihesabu na mimi. Bwana Aqil atafika Ijumaa adhuhuri. Mwezi usipoonekana leo, atamkuta bado yumo ndani ya eda kwa saa tano au sita, na kwa ajili ya kipande cha asubuhi moja atarudi kule alikotoka.

"Bi Alawiya," nilimwambia, "iache hiyo siku. Nani ataiuliza?"

"Mimi."

"Maisha yako yote yaliyobaki! Kwa siku moja!"

"Kanze, nimefumua safu nzima kwa kitobo kimoja, kofia ya mtu ambaye hakuitazama. Yangu mwenyewe niishone kombo?"

Nilimkasirikia kuliko nilivyopata kumkasirikia mtu. Nilimwambia ana kichwa kigumu, kwamba Bwana Aqil alisema kweli, yeye ni Bi Kasoro. Jua lilipokaribia kutua alitoka uani, akapindua kinu changu, akakifuta vumbi kwanza, akapanda juu yake akaelekea magharibi. Nikasimama chini nikimshikilia asianguke, maana hasira ni hasira na mtu ni mtu.

Tulikaa hivyo. Mawingu yalikuja na kupita juu ya minazi ya Mtongwe. Nilimwomba Mungu wangu naye akamwomba wake, na shingo zikatuuma. Kisha likafunguka tundu moja katika wingu, dogo, na ndani yake mwezi, mwembamba kama kipande cha ukucha. Upande wa msikitini tulisikia watu wakiitana: umeandama, umeandama.

Nikavuta pumzi nipige kigelegele, naye akasema kutoka juu, "Bado. Kesho, jua likitua." Nikaimeza pumzi yangu kwa siku nzima.

Alhamisi alisali magharibi, akatoka, akakaa kizingitini kwa mara ya kwanza tangu Idd, mlango wazi, akitazama watu wakipita. Nikamuuliza kama sasa kigelegele kinaruhusiwa. Akasema kinaruhusiwa, lakini nisipige kwa nguvu, kuna mtoto mchanga nyumba ya pili. Nikaona kigelegele cha nusu si kigelegele, nikakiweka.

Ijumaa walifika wote watatu, kanzu zimepigwa pasi, Bwana Aqil mbele na kasha la halua mkononi. Alikuwa mnene, mweupe wa ndevu, na kichwani amevaa mojawapo ya kofia za Idd zilizopita. Nilipoiona niliijua kazi yake, na nilitamani kuivua. Bi Alawiya alikuwa amekaa barazani, buibui lake limekunjwa vizuri magotini. Bwana Aqil hakungoja kukaribishwa wala kuketi.

"Sheikh Barakat, nawe mzee, shuhudieni," akasema kwa sauti ambayo majirani waisikie. "Mke wangu, Alawiya binti Omari, nimemrejea." Kisha akamgeukia, akitabasamu. "Haya, Bi Kasoro. Kusanya vitu vyako."

Hata mimi niliyejua, nilihesabu upya kwa vidole.

"Karibuni mukae," Bi Alawiya alisema. "Kanze, kahawa."

Nikawamiminia. Mikono yangu ilimwaga kidogo, Bi Alawiya akaona, akanisamehe. Sheikh Barakat, mzee mkavu mwenye miwani, alipokea kikombe, akashukuru.

"Sheikh," Bi Alawiya akamuuliza, "yeo ni mwezi ngapi?"

"Yeo ni mwezi pili, Mfunguo Nne," akajibu. "Tuliuona Jumatano, jambo la bahati na mawingu yale..." Kikombe kikasimama mbele ya mdomo wake. Akamgeukia aliyemleta. "Aqil. Ulimwata lini mkeo?"

"Tarehe nane Septemba. Kesho ndiyo inatimia miezi mitatu, ndipo nikakwambia—"

"Sikukuuliza tarehe. Nakuuliza mwezi."

Nilimwona Bwana Aqil akiutafuta mwezi kichwani mwake na kukuta kalenda tu.

"Siku ya Idd," akasema hatimaye.

"Idd!" Sheikh alihesabu kwenye pingili za vidole vyake, mara moja, kisha mara ya pili, akitaka apate jibu jingine. Akaweka kikombe chini. "Umechelewa, bwana."

"Siku moja tu! Ama mbili!"

"Nami niliongeza moja ya tahadhari," alisema Bi Alawiya, "kwa kuwa barua iliandikwa mtana. Imekwisha jana jua lilipotua."

Sheikh Barakat alivua miwani akamtazama. "Hiyo," akasema, "hata mimi nisingekukumbusha."

Nilijivuna pale kana kwamba nimemzaa mimi.

Bwana Aqil alijifuta uso kwa leso. Lakini alikuwa mtu wa kupanga meli. Meli ikikosa maji kujaa ya asubuhi, ataiingiza kwa ya jioni. "Basi si neno," akasema. "Sheikh yupo, mashahidi wapo. Tufunge nikaha upya hapahapa, tuondoke."

"Itabidi aulizwe," Sheikh akasema.

"Muulize."

Sheikh akamuuliza. Alimuuliza kwa upole na kwa haraka, mtu anayetaka jambo liishe. Bi Alawiya alilainisha mkunjo wa buibui lake ambao haukuwepo.

"Nilipoolewa nilikuwa na miaka kumi na mine," akasema. "Nilikuwa jikoni. Nalisikia sauti za wanaume ukumbini, na aliyejibu ni baba. Miaka thalathini na sita nimekaa katika jibu la baba. Mimi sijapata kuulizwa." Akainua macho. "Niulize tena, Sheikh. Polepole, nisikie vizuri."

Mzee yule alivaa miwani yake. Akakaa sawa. Akamuuliza upya, kwa jina lake na la baba yake na la babu yake, neno moja baada ya jingine: Je, wakubali kuolewa na Aqil?

"Sikubali."

Hakusema kwa nguvu. Nyumba ya tatu walisikia.

"Kwa sababu ya kofia?" Bwana Aqil alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli. "Alawiya, kwa sababu ya kofia?"

"Kwa sababu ya kofia," akamjibu. "Miezi minane, Aqil."

Aliondoka na halua yake, yule mzee mwingine akimfuata nyuma. Sheikh Barakat alibaki kumaliza kahawa. Dirishani, juu ya bakuli lililopinduliwa, ilikuwa kofia ya kwanza ya Likoni, imebakiza ukingo tu. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa aibu kidogo kama angeweza kupata kama ile. Bi Alawiya akamwambia wako wanne mbele yake. Akasema atangoja. Nikampima kichwa, mara mbili, bila kuambiwa.

Walipokwisha kwenda wote, Bi Alawiya alibaki amekaa palepale. Aliniomba maji. Nilikimbia mtunguni, nikachukua bilauri, nikaiosha, nikaisuuza, nikaipangusa kwa kanga yangu safi kuliko zote, nikamletea imejaa.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha. Akayamwaga maji chini, akasuuza, akanirudishia nikajaze tena.

Sikujua kama nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Nikamjazia, akanywa.

Ndipo nikapiga kigelegele changu, mtoto wa jirani aamke asiamke.